Mjadala: Dada yangu auze nyumba akaishi melini, au arudi Kisumu?

Mwanzilishi, Nyamasaria:
Wandugu, nisaidieni kufikiri. Dada yangu ana miaka 66. Amehudumia wakongwe kwenye makao ya wazee Marekani zaidi ya miaka 20. Sasa anastaafu, na badala ya kurudi nyumbani anataka kuuza nyumba yake ahamie kwenye meli ya kitalii. Hesabu yake ina mashiko. Huko Marekani chumba cha mtu mmoja katika makao ya uuguzi hupita dola 100,000 kwa mwaka. Mwaka 2004 madaktari wawili, Lee Lindquist na Robert Golub, walipiga hesabu ya miaka 20: meli dola 230,000 hivi, makazi ya wazee yenye wahudumu, si yale ya uuguzi, 228,000, yaani karibu sawa. Na melini unapikiwa, unafuliwa, una watu wa kuzungumza nao.

Mimi napinga. Meli inakutaka ukiwa bado unatembea. Daktari wake ni wa dharura. Ukivunjika nyonga unateremshwa bandarini, uwe na jamaa pale au usiwe naye. Na Medicare, bima ya wazee wa Marekani, kwa kawaida hailipii matibabu ya nje ya nchi.

Mwalimu mstaafu, Milimani:
Ndugu yangu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kukaa peke yake. Mke wangu alifariki, watoto wako Nairobi na Mombasa. Jioni nasonga ugali wa mtu mmoja, na hata huo unabaki, nampa mbwa. Wiki inaweza kuisha bila mtu kuniuliza nimeamkaje. Dada yako amewainua wazee wa wenyewe miaka yote hiyo. Akitaka naye aandaliwe meza, mwacheni. Au mnachotaka kirudi ni pensheni yake?

Mama wa duka, Kondele:
Pole sana Mwalimu. Lakini kampuni ikianguka? Mwaka 2023 Life at Sea Cruises iliuza safari ya miaka mitatu, kisha Novemba ikaifuta kwa kukosa meli, na wateja wengine walikuwa wamekwisha kuuza nyumba zao. Mwaka uliofuata meli nyingine ya watu kuishi, Villa Vie Odyssey, ikakwama Belfast, Ireland ya Kaskazini, karibu miezi minne ikitengenezwa. Ukiwa na nyumba, unangoja kwako. Ukiwa umeiuza, unangojea wapi?

Mwanzilishi:
Mwalimu, neno lako la pensheni limenichoma, kwa sababu lina ukweli. Dada alikuja Desemba moja. Siku ya tatu foleni ilikuwa langoni: karo, bili ya hospitali, mabati ya kanisa. Nilimkuta chumba cha nyuma, miguu kwenye beseni la maji ya moto, mlango ameufunga. Akaniambia, "Hata huku niko zamu." Nilicheka wakati ule. Leo sicheki.

Mama wa Kondele naye amesema kweli, kwa hiyo usiku huu nimemwandikia: nyumba asiuze, aipangishe, apande meli miezi mitatu aone. Akichoka, chumba kile nimeanza kukipaka rangi, na ufunguo wa lango utakaa kwake, si kwangu.

Nyinyi wa Nakuru na Kakamega mliompokea mzee kutoka ng'ambo, foleni ya langoni mliikata vipi bila kuvunja undugu?