Naomba ushauri: nina shilingi 900,000, nianze na pedali zipi za gitaa la besi?

Nyuzi Nne, Busia

Ndugu wapiga besi wenzangu, nawasalimu kutoka Busia, upande wa Uganda. Ninapiga besi kanisani kwa mwaka wa sita sasa, na tangu mwaka jana ninapiga pia na bendi ndogo inayoalikwa kwenye harusi hapa kwetu na kule Tororo. Gitaa langu ni la nyuzi nne, lenye pikapu za kawaida zisizotumia betri, na kwa kuwa amplifaya ya besi ya kanisa iliungua na haijapatikana nyingine, ninalichomeka moja kwa moja kwenye mikisa. Spika zetu ni mbili za inchi 15, hatuna spika maalumu ya besi.

Tatizo langu ni hili. Ninapojaribu sauti peke yangu kabla ya ibada, besi inasikika nene na ya kupendeza. Dramu, kinanda na kwaya vikiingia, kinachobaki ni mtikisiko ambao mtu anauhisi kifuani bila kutambua ni noti gani, na waimbaji wa sauti ya nne wamekwisha kuniambia kwamba hawapati ufunguo kutoka kwangu. Nikimwomba anayesimamia mitambo aniongezee sauti, spika zinaanza kukoroma. Tena nyuzi zangu hazilingani, kwa maana noti za uzi wa mi (ule mnene kuliko yote) zinajaa na zile za uzi wa sol (ule mwembamba kuliko yote) zinazama.

Nimeweka akiba ya shilingi 900,000. Rafiki yangu anayepiga gitaa la solo yuko tayari kuniuzia pedali yake ya ovadraivu (kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachokwaruza sauti), Ibanez Tube Screamer, na mimi mwenyewe napenda sana sauti ya korasi, ile pedali inayoiyumbisha noti kidogo. Wengine wananiambia ninunue mtambo mmoja wenye efekti zote, yaani vibadilisha sauti vyote, ndani yake. Naomba mnieleze nianze na kipi, na kwa nini, kwa sababu fedha hii nimeikusanya kwa muda mrefu na sitapata nyingine hivi karibuni.

Fundi Mitambo, Kampala

Ndugu Nyuzi Nne, ahsante kwa kueleza tatizo kabla ya kutaja pedali, maana wengi huja na jina la pedali tu. Niruhusu nianze na sauti yenyewe.

Uzi wako wa mi ukipigwa wazi hutoa masafa ya hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika nyingi za inchi 15 tunazotumia makanisani zimekwisha kupoteza nguvu kabla ya kufika chini kiasi hicho, kwa hiyo msikilizaji wa safu ya nyuma hasikii hezi 41 hata kidogo. Anachosikia ni sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti ile, yaani hezi 82, 123, 165 na kuendelea, na kutokana na hizo sikio lake linaijenga noti ya chini lenyewe. Ndiyo maana kuongeza besi kwenye mikisa hakukusaidii. Unazisukuma spika zifanye kazi zisiyoiweza, zinakoroma, na zile sauti za juu ambazo zingemwonyesha mwimbaji noti yako zinabaki pale pale zilipokuwa, zimefunikwa na kinanda.

Sasa jiulize zile sauti za juu zimepotelea wapi. Pikapu isiyotumia betri inataka kuchomekwa mahali penye ukinzani mkubwa, wa omu 1,000,000 hivi. Ingizo la kawaida la kinanda kwenye mikisa mara nyingi lina omu 10,000 au 20,000 tu. Ukichomeka gitaa hapo, pikapu inalemewa, sauti inashuka, na kinachokufa kwanza ni trebo, yaani zile sauti za juu. Naamini nusu ya tatizo lako iko hapo, na hakuna korasi wala ovadraivu itakayorudisha kitu ambacho mikisa imekwisha kukimeza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kisanduku cha DI (kiunganishi cha kuchomekea gitaa kwenye mikisa), au priampu ya besi, yaani kikuza sauti cha awali, yenye DI ndani yake. Kitapokea gitaa kwa ukinzani unaofaa, kisha kitapeleka sauti kwenye ingizo la maikrofoni kwa kebo ya pini tatu, ambayo inaweza kuvuka ukumbi mzima bila kuokota mvumo mwingi njiani. Kabla hujatoa hata shilingi moja, angalia kama mikisa yenu ina kitufe chenye picha ya gitaa au maandishi ya Hi-Z karibu na ingizo la kwanza. Kama kipo, kibonyeze Jumapili hii na usikilize tofauti.

Dada Besi, Mbale

Namuunga mkono Fundi kuhusu DI, ila lile la nyuzi kutolingana nadhani amelipita haraka. Kaka, kabla hujafikiria kompresa, ile pedali ya kusawazisha nguvu ya noti, chukua bisibisi. Pikapu ina skurubu pande zote mbili. Ishushe kidogo upande wa uzi wa mi na uipandishe kidogo upande wa sol, robo mzunguko kwa wakati mmoja, huku ukipiga nyuzi zote kwa nguvu ileile na kusikiliza. Mimi nilipiga miaka miwili nikilaumu vidole vyangu, kumbe pikapu ilikuwa imelala upande.

Baada ya hapo, kama bado noti zinaruka, kompresa ni pedali ambayo hutajuta kuinunua. Kazi yake ni kupunguza kile kinachozidi kiwango ulichoweka. Ukiiweka kwenye uwiano wa 4 kwa 1, kila desibeli nne zinazozidi kiwango hicho zinatoka kama moja. Ninayotumia ni MXR Bass Compressor, na ninaipenda kwa sababu ina taa ndogo kumi zinazoonyesha inabana kiasi gani, kwa hiyo mtu asiyeizoea anaona kwa macho kile ambacho sikio bado halijajifunza kukitambua. Usiiruhusu ibane mara tu kidole kinapogusa uzi. Ichelewe kidogo, milisekunde 20 au 30, ili ule mdundo wa mwanzo wa noti upite, kwa sababu ndio unaokufungamanisha na teke la dramu. Ukiubana huo, besi inakuwa laini kama uji na unapotea upya, safari hii kwa gharama yako mwenyewe.

Kidole Cheza, Arua

Mimi nina mawazo tofauti, na ninayasema kwa heshima. Ndugu yetu bado hajui ni efekti gani atazihitaji. Akinunua pedali mojamoja atatumia akiba yote kwa mbili tu. Nilinunua Zoom B1 Four iliyotumika, na ndani yake mna kompresa, ovadraivu, oktava (inayoongeza noti ileile chini zaidi), korasi na tyuna ya kulinganishia nyuzi. Inaweza kuendesha efekti tano kwa pamoja, na inatumia betri nne za kawaida za tochi, jambo ambalo kwetu huku si dogo, kwa sababu jenereta ikizimika katikati ya wimbo mimi sipotezi mpangilio wangu. Kwa mwaka mzima imenifundisha ninachokipenda na nisichokihitaji. Korasi, kwa mfano, nilidhani nitaitumia kila wimbo, na sasa naiwasha labda mara moja kwa mwezi.

Fundi Mitambo, Kampala

Hoja ya Kidole Cheza ni nzuri, na kwa anayejifunza nyumbani nisingeipinga. Niongeze jambo moja tu, kwamba mtambo huo hauna tundu la kebo ya pini tatu. Ukumbini bado utahitaji DI baada yake, kwa hiyo weka bei ya vyote viwili katika hesabu yako.

Mzee wa Besi, Jinja

Mwanangu, usiinunue hiyo Tube Screamer. Ni pedali nzuri sana, wapiga solo wameipenda tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini iliundwa kwa ajili yao. Inapandisha masafa ya kati na kuyaacha ya chini nyuma, na hilo ndilo linalomsaidia mpiga solo asigongane na besi. Wewe ndiye besi. Ukiiwasha katikati ya wimbo utawasikia wenzako wakigeuka kukutazama, kwa sababu sakafu ya muziki imeondoka.

Lakini usiikatae ovadraivu kwa jumla. Yale aliyoyaeleza Fundi kuhusu sauti za juu yanaeleza pia kwa nini sisi wazee tulipenda amplifaya za zamani zilizokwaruza kidogo. Ule ukwaruzo ni sauti za juu zilizoongezwa juu ya noti, na ndio unaoifanya besi isikike hata kwenye redio ndogo. Tafuta pedali iliyotengenezwa kwa ajili ya besi, yenye kitufe cha kuchanganya sauti safi na sauti iliyokwaruzwa. Boss ODB-3 inacho, na SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21 inacho pia, na hii ya pili ni priampu na DI katika kisanduku kimoja. Ningekuwa na akiba yako, ningeitafuta hiyo iliyotumika, nikaweka mchanganyiko nusu kwa nusu na ukwaruzo mdogo kiasi kwamba ukipiga peke yako unausikia, na bendi ikiingia unaona tu kwamba besi inasikika.

Kuhusu korasi, nakuelewa, inapendeza kwenye nyimbo za polepole, hasa noti zikipigwa juu ya shingo. Ukiitumia chini, kwenye uzi wa mi, inaiyumbayumbisha noti, na waimbaji wako ambao tayari wanatafuta ufunguo watazidi kuupotea. Oktava nayo usiikimbilie. Oktava moja chini ya uzi wa mi ni hezi 20 na kidogo, mahali ambapo hata sikio la mwanadamu linakaribia kukoma, sembuse spika zenu. Niliwahi kuipiga Boss OC-2, ile iliyotoka mwaka 1982, na raha yake yote ilikuwa kwenye nyuzi za re na sol, kuanzia kipande cha tano cha shingo ya gitaa kwenda juu.

Nyuzi Nne, Busia

Nawashukuru sana, Mzee, Dada na ndugu wote. Nimeangalia mikisa yetu, haina kitufe chenye picha ya gitaa. Pikapu nimeirekebisha jana usiku na nyuzi zimekaribiana mno, sikutegemea. Ovadraivu ya rafiki yangu nimeikataa kwa maneno mazuri.

Nina swali lingine kuhusu umeme. Mjomba wangu anarudi kutoka Marekani mwezi ujao na anaweza kuniletea priampu pamoja na adapta yake. Je, kuna tahadhari yoyote? Huku kwetu umeme hupanda na kushuka, na kwenye harusi tunatumia jenereta.

Fundi Mitambo, Kampala

Tahadhari ipo, na ni kubwa. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 240. Mwambie mjomba asome maandishi madogo mgongoni mwa adapta. Kama imeandikwa 100–240, italindwa na muundo wake na utahitaji tu kigeuzi cha plagi. Kama imeandikwa 120 peke yake, asiilete kabisa, kwa sababu utaichomeka mara moja tu. Heri alete pedali, adapta utaipata hapa.

Adapta utakayonunua hapa itazame kwa makini vilevile. Pedali nyingi zinataka volti 9 za mkondo mnyoofu (DC), na hasi iwe katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za redio na ruta zinazouzwa mitaani. Mchoro wake umechapishwa kwenye adapta na kwenye pedali, ufananishe. Miliampia za adapta zikizidi zinazohitajiwa hakuna ubaya, zikipungua ndipo shida inapoanza. Na ukija kuwa na pedali tatu au nne, usizigawie adapta moja kwa waya wa matawi kama mojawapo ni ya kidijitali, maana mlio wake mwembamba utaingia kwenye nyingine zote.

Kwa ajili ya jenereta, priampu nyingi za aina hiyo zinakubali betri ya mraba ya volti 9, na SansAmp aliyoitaja Mzee inaweza hata kula umeme wa volti 48 unaotoka kwenye mikisa kupitia kebo ya maikrofoni. Ukitumia betri, chomoa jeki ya gitaa kila unapomaliza, kwa sababu jeki ndiyo swichi, na ukiiacha usiku kucha asubuhi utakuta betri imekufa. Mvumo ukitokea, kuna swichi ndogo kwenye DI ya kukata ardhi. Ijaribu hiyo kwanza, na kamwe usikate waya wa ardhi wa plagi ya umeme, hata aliyekufundisha akiwa fundi. Huo ndio unaokukinga wewe.

Nyuzi Nne, Busia

Narudi na taarifa. Bendi moja ya Tororo waliniazima kisanduku cha DI cha kawaida, bila pedali yoyote, nikakitumia kwenye mazoezi ya Ijumaa na ibada ya jana. Nilimwomba msimamizi wa mitambo apunguze besi badala ya kuongeza, naye alinitazama kwa mshangao lakini akakubali. Spika hazikukoroma hata mara moja, na kiongozi wa kwaya alikuja baada ya ibada kuniuliza kama nimebadilisha nyuzi.

Nimeamua kumwagiza mjomba priampu yenye DI na kitufe cha kuchanganya, bila adapta. Kitakachobaki nitaanza kukiweka kwa ajili ya kompresa, kwa kuwa noti za vidole vyangu bado zinaruka ninapochangamka.

Dada Besi, Mbale

Vizuri sana, kaka. Siku utakayoipata kompresa, usiipangie ukiwa chumbani. Ipangie mpiga dramu akiwa amekaa pale akipiga, na taa zikae tatu au nne zinapowaka kwa noti kubwa, zisizidi hapo.