CalculiX: oringi haibaniki hadi mwisho, hesabu inakufa kwenye 0.31

shafti_na_sili

Wakuu, habari za kazi. Nina modeli ya CalculiX (programu ya kukokotoa stesi na mwendo kwa elementi ndogo ndogo) ya oringi, yaani pete ya kuziba, ya mpira wa NBR, ugumu 70 Shore A, kwenye mfereji wa pistoni. Ni nusu kata ya kuzungusha kwenye ekseni, elementi za CAX8 (za nodi nane), vipimo vyote kwa mm, N na MPa.

Oringi ni 24.99 ndani, unene 3.53. Mfereji una upana wa 4.75. Kutoka sakafu ya mfereji hadi ukuta wa silinda ni 2.82, kwa hiyo oringi inabanwa 0.71, kama asilimia 20. Uwazi kati ya pistoni na silinda ni 0.1, na kona ya mfereji ina nusu kipenyo cha 0.15.

Mpira: modeli ya NEO HOOKE, C10 (ugumu wa umbo) = 0.92, D1 (ulegevu wa ujazo) = 0.001. Chuma: E (moduli ya Young) = 210000. Meshi (ukubwa wa elementi) ya mpira 0.25, ya chuma 0.5. Kwenye CONTACT PAIR (amri ya nyuso zinazogusana) nimeandika uso wa chuma kwanza, wa mpira wa pili, kwa sababu chuma ndicho kinachosukuma. Mguso ni LINEAR, K (ukakamavu wa mguso) = 1e6, msuguano 0.3.

Stepu 1 silinda inasogea 0.71 kwenda ndani, inkrimenti (kipande cha muda wa stepu) ya kuanzia 0.1. Stepu 2 ni presha ya 10 MPa upande mmoja. Sifiki huko: stepu 1 inakatika kwenye muda wa 0.31 kati ya 1.0, inkrimenti zinagawanywa mpaka zinaisha. Kwenye picha ya mwisho nodi kadhaa za mpira zimezama ndani ya chuma. Nililegeza vigezo vya CONTROLS (masharti ya kukubali jibu la kila inkrimenti), ikafika 0.34 tu. Nianzie wapi?

meshi_safi

Anza kwa kurudisha CONTROLS kama zilivyokuwa. Ukilegeza hapo unanunua inkrimenti tatu, halafu hata hizo tatu huwezi kuziamini.

Kosa kubwa ni K. Hiyo 1e6 ni namba ya chuma kwa chuma, na kwako kuna mpira wenye E ya takriban 5.5. K ni springi: presha ya mguso ni K mara kina cha kuzama. Nodi ikizama 0.001 mm tu, programu inaipiga na MPa 1000, wakati presha halisi ya kubana oringi hii haifiki hata MPa 2. Iteresheni inayofuata nodi imerushwa nje, mguso umekatika, inayofuata imerudi ndani. Fungua faili la .cvg (kumbukumbu ya kila iteresheni) utazame safu ya idadi ya elementi za mguso. Ukiona 41, 44, 41, 44 bila kutulia, ndiyo hiyo. Kanuni ya kuanzia ni K kati ya mara 5 na 50 ya E ya kile kilicho laini. Weka 275. Kwa MPa 1.7 kuzama kutakuwa 0.006 mm, chini ya asilimia 1 ya mbano wako.

Pili, umegeuza nyuso. Uso unaoandikwa kwanza ndio tegemezi, na huo ndio unaokaguliwa usipenye ule wa pili. Anayesukuma si hoja hapa. Anayetakiwa kuwa wa kwanza ni yule laini mwenye meshi ya elementi ndogo. Kwako chuma cha 0.5 ndicho kinakaguliwa, basi mpira wa 0.25 unapita katikati ya nodi zake bila kuulizwa. Picha yako inaonyesha hilo hilo. Mpira kwanza, chuma pili.

Tatu, chuma chenyewe kiondoe kwenye hesabu. E yake ni kama mara 38,000 ya mpira, na kwa kazi hii hakipindi. Zuia nodi zote za pistoni, na nodi zote za silinda uzipe mwendo ule ule wa 0.71, si ukingo wa nje peke yake. Stresi za ndani ya chuma zitakuwa takataka, usizisome.

Nne, kabla ya kuguswa oringi haijashikwa na kitu kwenye mwelekeo wa ekseni. Kwenye kipenyo haina shida, maana yenyewe ni pete na ukakamavu wake wa mzunguko unaishika. Zuia nodi moja ya katikati ya kata isisogee kwenye ekseni ndani ya stepu 1, iachie kwenye stepu 2.

Mengine ni ya haraka: inkrimenti ya kuanzia 0.02, ya juu kabisa 0.05. Msuguano ondoa kwanza. Stepu 1 ikipita bila msuguano, rudisha 0.1 au 0.2 kama oringi ina grisi, na ukakamavu wa kushika uwe kama sehemu ya kumi ya K. Badili CAX8 iwe CAX8R (yenye integresheni iliyopunguzwa), na D1 iwe 0.022. D1 ya 0.001 ni sawa na uwiano wa Poisson wa 0.4995 (0.5 ni mpira usiopungua ujazo kabisa), na elementi za integresheni kamili zinajifunga hapo, mpira unakuwa mgumu kuliko ulivyo.

mpira_haubonyei

Nakubaliana na meshi_safi kwa yote ila D1. Kwa stepu 1 hiyo 0.022 haina ubaya, kwa sababu mpira unajaza kama asilimia 73 tu ya mfereji na una pa kukimbilia. Stepu 2 ni habari nyingine. D1 ni 2 gawanya kwa moduli ya ujazo, kwa hiyo 0.022 inakupa MPa 91. Ukimwaga MPa 10 juu yake, oringi inapungua ujazo kwa takriban asilimia 11. Mpira halisi, ambao moduli yake iko kwenye 2000, unapungua nusu asilimia. Utaona oringi imesinyaa na kuacha mfereji, useme sili inavuja kumbe ni namba. Tumia D1 = 0.004 pamoja na CAX8R: Poisson 0.498, upungufu wa asilimia 2.

K nayo hivyo hivyo. 275 kwenye MPa 10 ni kuzama 0.036 mm, na uwazi wako wote ni 0.1. Ikishapita na 275, irudie na 1000.

Na kona ya 0.15: tao lake zima lina urefu wa 0.24 mm, yaani kwa meshi ya 0.5 kona haipo, ni ncha. Weka elementi zisizopungua 4 juu ya tao, na mpira unaoelekea pale uwe 0.05. Sehemu nyingine za oringi acha 0.25.

shafti_na_sili

Asanteni sana wakuu. Stepu 1 imefika 1.0 na K ya 275, na pia na 1000, bila msuguano. Maswali mawili: nitajuaje kama jibu ni sahihi? Na presha ya stepu 2 niiweke kwenye nyuso zipi za mpira?

mpira_haubonyei

La kwanza lina fomula ya mkono, ya Lindley. Nguvu kwa kila mm ya mzingo ni d × E × (1.25 C^1.5 + 50 C^6), C ikiwa mbano. Kwa C = 0.2 mabano yanatoa 0.115, hivyo 3.53 × 5.5 × 0.115 = 2.23 N/mm. Ukiipeleka kwenye fomula ya mguso ya Hertz, upana wa mguso ni kama 1.65 mm na presha ya kilele 1.72 MPa. Omba CSTR (stresi za mguso) kwenye CONTACT FILE ulinganishe. Tofauti ya asilimia 10 ni kawaida, maana fomula inadhani bati mbili bapa. Ukipata kilele cha 3, rudi kwenye D1 na aina ya elementi.

meshi_safi

Presha: programu haitaisambaza yenyewe kadiri mpira unavyoachana na ukuta. Tazama CSTR mwisho wa stepu 1, kisha weka DLOAD (amri ya mzigo wa presha) kwenye nyuso za upande wa mafuta zilizo wazi, mpaka pale mguso unapoanza. Usivuke kilele cha mguso hata kama presha ya mguso pale ni chini ya 10, la sivyo umeifungulia mafuta njia kwa mkono wako. Endesha, tazama tena: uso ulioachana na chuma upande wa mafuta uongezwe kwenye orodha, urudie mpaka orodha isibadilike. Mara nyingi ni raundi mbili au tatu.

Kwenye stepu hii inkrimenti ya juu iwe 0.02, na nodi uliyoizuia iachie kwa OP=NEW kwenye BOUNDARY. Kumbuka OP=NEW inafuta vizuizi vyote, kwa hiyo andika upya vya pistoni na vya silinda, pamoja na ile 0.71. Ukiisahau hiyo, silinda inarudi ilikotoka na oringi inabaki inaelea.