Naomba ushauri: nyuzi za utando wa buibui tuziite nini?

Mwalimu wa Mbagala: Wakuu, naandaa bango la sayansi la kubandika darasani. Mchoro wa utando wa buibui uko tayari, yamebaki majina. Nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni naziitaje? Na ule unaozunguka? Mwenzangu kaandika "mtandao", mimi naona watoto watawaza simu tu. Naomba maneno yaliyopo, sitaki kutunga.

Fundi Vitambaa: Mkuu, mtandao uache, andika utando au tandabui. Kwa nyuzi, azima kwa wafumaji. Zinazotandwa na kukazwa kwanza ni mtande, unaopitishwa kuzikatiza ni mshindio. Buibui wa utando wa duara naye hutanguliza nyuzi za kutoka katikati, ambazo hazinati. Mwisho ndipo anazungusha uzi wenye ulimbo. Hilo la ulimbo usiliache! Mtoto aliyewahi kunasa ndege atakuelewa hapo hapo.

Mama Mikeka, Temeke: Mwanangu, usiandike buibui "anasuka". Sisi tunaosuka tunapishanisha miaa, huu juu huu chini, tunapata ukili, kisha tunashona kili pamoja ndipo mkeka unatoka. Buibui hapishanishi. Mtazame asubuhi pale uani: anavuta uzi kwa mguu wa nyuma, anaugandisha juu ya mwingine, anasogea. Andika "hutanda".

Mwalimu wa Mbagala: Shikamoo mama, nimekupata. Basi hata mshindio niutoe?

Fundi Vitambaa: Mama kasema kweli. Mshindio wa kitambaa huenda na kurudi, tena hupita juu na chini ya mtande. Weka "uzi wa ulimbo". Mtande ubaki, maana umetokana na kutanda, sawa na utando wenyewe.

Msomaji wa Kinondoni: Kama bango lina nafasi, kufuma kuna mahali pake. Mwaka 2012 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilionyesha joho la rangi ya dhahabu lililofumwa kwa hariri ya buibui zaidi ya milioni 1 wa Madagaska. Rangi ni ya hariri yenyewe. Buibui walitoa uzi, watu wakafuma.

Mwalimu wa Mbagala: Hilo naliweka pembeni ya mchoro. Na vile vitundu vya mwisho wa tumbo?

Fundi Vitambaa: "Vitoa uzi" inatosha. Chora na mshale.