Tupeane uzoefu: Barua pepe ilipokugomea kwenye kivinjari, kosa lilikuwa wapi hasa?

Kitabu Wazi (mleta mada)

Ndugu wanachama, nimefungua mada hii baada ya kujitia hasara kwa mkono wangu mwenyewe. Asubuhi moja nilifungua barua pepe kwenye kivinjari kama nifanyavyo kila siku, nikakuta ukurasa mweupe wenye duara linalozunguka bila kukoma. Nilipakia upya mara tano au sita, duara likaendelea na kazi yake. Nikafanya kile ambacho sote huambiwa tukifanye, yaani kufuta kache (nakala za kurasa ambazo kivinjari hujihifadhia) na vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huviacha ndani ya kivinjari ili ikutambue), na kwa haraka niliyokuwa nayo niliweka alama kwenye kila kisanduku cha orodha ile, nikachagua kipindi cha "wakati wote", nikabofya. Ndani ya dakika moja yalikuwa yametoweka manenosiri yote niliyoyahifadhi katika kivinjari, na pamoja nayo barua tatu nilizokuwa nimeziandika usiku uliotangulia nikiwa sina mtandao, ambazo zilikuwa zikisubiri kutumwa. Barua za namna hiyo huwa hazijafika kwenye seva, yaani kompyuta za wenye huduma ya barua pepe. Hukaa ndani ya kivinjari, katika data ileile ya tovuti ambayo mimi nilikuwa nimeamuru ifutwe. Na duara likaendelea kuzunguka.

Kosa lilikuja kujulikana jioni, tena kwa bahati tu. Nilifungua dirisha fiche ili niingie kwenye akaunti nyingine, na barua pepe ikafunguka papo hapo. Dirisha fiche halitumii vidakuzi vya zamani, na viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, havifanyi kazi humo mpaka uviruhusu. Vidakuzi nilikuwa nimeshavifuta, kwa hiyo waliobaki kwenye orodha ya washukiwa ni viendelezi, na nilikuwa navyo tisa. Nilivizima vyote, kisha nikawa nawasha kimoja kimoja huku nikipakia upya ukurasa kila mara, hadi nilipofika cha saba, kizuia matangazo ambacho kilikuwa kimejisasisha chenyewe, na lile duara likarudi. Sikukiondoa, nilikiagiza kisiiguse tovuti ya barua pepe, yakaisha.

Tangu siku hiyo ushauri wa kufuta kache nauona kama kidonge cha maumivu anachopewa kila mgonjwa kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Naomba kila mwenye kisa atueleze alichokiona kwenye skrini, alichohangaika nacho bure, na mahali kosa lilipokuwa kweli. Tafadhali msiweke hapa anwani zenu wala nenosiri la mtu yeyote.

Mtunza Mizani

Ahsante kwa mada, ndugu. Kwangu mimi kosa lilikuwa kwenye saa.

Kompyuta yangu ya mezani ilikaa miezi mingi bila kuwashwa. Nilipoiwasha, kila nilipojaribu kufungua barua pepe kivinjari kilinionya kwamba muunganisho si wa faragha na kwamba huenda kuna watu wanaojaribu kuniibia taarifa. Niliogopa kwelikweli. Nilibadilisha nenosiri kupitia simu, nikaendesha programu ya kuzuia virusi usiku kucha, na nakiri kwamba nilianza hata kuwashuku watu ninaotumia nao mtandao mmoja. Kumbe tarehe ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka sita! Cheti cha usalama cha tovuti, yaani kitambulisho ambacho kivinjari hukikagua ili kujua kwamba tovuti ni yenyewe, kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, na tangu Septemba 2020 vyeti vipya havikuruhusiwa kuzidi siku 398, kwa hiyo kompyuta iliyoamini kwamba iko miaka sita nyuma ilikuwa inaonyeshwa cheti ambacho kwake hakijazaliwa.

Kurekebisha tarehe kulichukua nusu dakika. Lakini nilipoichomoa kompyuta kwenye umeme na kuiwasha kesho yake, tarehe ilirudi kulekule, kwa sababu betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032, ilikuwa imekwisha nguvu. Nilifungua kifuniko, nikakibana kishikizo chake kwa ukucha, betri ikaruka na kupotelea chini ya meza. Mpya niliiweka upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu, na tangu hapo sijaonywa tena.

Jambo hilohilo huwapata wanaotumia uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu. Zile tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30 hutengenezwa kutokana na saa ya simu, na simu iliyotangulia kwa dakika nne hutoa tarakimu ambazo seva haizitambui. Ukikataliwa tarakimu ulizozinakili bila kukosea, weka saa ya simu ijirekebishe yenyewe kupitia mtandao kabla ya kuomba akaunti ifunguliwe upya.

Kereng'ende

Changu ni kifupi na kina aibu kidogo. Kitufe cha kutuma kilitoweka kwa siku mbili nzima, nikawa natumia simu. Nilikuwa nimekuza ukurasa hadi asilimia 175 bila kujua, nadhani kwa kushika Ctrl huku nikizungusha gurudumu la kipanya, na kitufe kilikuwa kimesukumwa nje ya ukingo wa chini wa skrini. Ctrl na sifuri, kikarudi.

Bi Staha

Ndugu Kereng'ende, usione aibu, mimi nilibadilisha vivinjari vitatu kwa kosa lisilohusiana na kivinjari hata kidogo.

Kazi yangu ni ya kutuma nyaraka ndefu zenye picha. Ukurasa wa barua pepe uliniambia wazi kwamba kikomo ni MB 25, nami nilikuwa na faili la MB 21, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Mstari wa kupakia ulifika mwisho, barua ikaonekana katika orodha ya zilizotumwa, na baada ya dakika mbili kikanirudia kijibarua kirefu cha maneno ya mashine, ambacho nilikifuta bila kukisoma, kwa kuwa nilikidhania ni barua taka. Nilijaribu kivinjari cha pili, halafu cha tatu, na kila mara kijibarua kilekile kilirudi. Mara ya nne ndipo nilipokisoma, na katikati yake palikuwa na mstari mmoja tu wa maana: ujumbe ni mkubwa kuliko kiwango kinachopokewa na seva ya upande wa pili.

Mtu anayeifahamu kazi hii alinieleza sababu. Barua pepe iliundwa ili ibebe maandishi, na hadi leo kiambatisho hugeuzwa kuwa maandishi kabla ya kusafiri, ambapo kila baiti tatu za faili huandikwa kwa herufi nne. Faili hunenepa kwa theluthi moja na zaidi kidogo, hivyo faili langu la MB 21 lilikuwa linasafiri likiwa na zaidi ya MB 28. Siku hizi, palipoandikwa MB 25 mimi nahesabu 18, na kikubwa kuliko hapo nakiweka kwenye hifadhi ya mtandaoni na kutuma kiungo chake. Vijibarua vya kurudishwa navisoma vyote, hata vikiwa virefu kiasi gani.

Kalamu Nyeusi

Niruhusuni niandike kwa urefu, maana kisa changu kilianza kama tatizo la kivinjari na mwisho wake ukawa mwingine kabisa.

Barua za mteja wangu mmoja ziliacha kuonekana. Yeye aliniapia kwamba anatuma, nami nilimwapia kwamba sizioni. Kwa kuwa ukurasa ulikuwa na kawaida ya kuchelewa kuonyesha barua mpya, niliamini kwamba kivinjari kinanionyesha nakala ya zamani iliyohifadhiwa, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nabonyeza Ctrl, Shift na R ili kulazimisha ukurasa upakuliwe upya wote. Hakikubadilika kitu. Nikaangalia kwenye barua taka, hamna. Nikatafuta jina lake katika kisanduku cha kutafutia, hamna.

Siku ya tano nilimwomba anitumie barua yenye neno moja tu, "jaribio", nami nikawa nimekaa nikitazama skrini. Ikafika. Nikamwomba anitumie tena ile ankara yake, haikufika. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu kivinjari hakisomi barua na kuchagua ya kuficha. Niliingia kwenye mipangilio, sehemu ya vichujio, ambayo sikuwahi kuifungua tangu nianze kutumia akaunti ile, nikakuta kichujio kimoja ambacho mimi sikukitengeneza: barua yoyote yenye neno "ankara" au "malipo" ielekezwe kwenye anwani fulani nisiyoijua, kisha ifutwe moja kwa moja. Wiki tatu kabla nilikuwa nimeingia kwenye akaunti yangu kwa kompyuta ya watu wengi, na sina hakika kama nilitoka ipasavyo.

Nataka wenzangu walichukue jambo hili kwa uzito wake. Kubadilisha nenosiri peke yake hakuondoi kichujio, wala hakuondoi agizo la kusambaza barua kwa mtu mwingine. Hayo hubaki yakifanya kazi kimyakimya hata mwizi mwenyewe akiwa ameshafungiwa mlango. Nilifuta kichujio, nikakagua sehemu ya usambazaji, nikakagua anwani na namba ya simu za kurejesha akaunti, nikavitoa nje vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, ndipo nikaweka nenosiri jipya na uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha nikampigia mteja simu, kwa sauti yangu, kumweleza kwamba akiletewa barua yenye namba mpya ya akaunti ya malipo asiifuate. Alikuwa ameshaletewa moja. Bahati nzuri aliipuuza kwa sababu niliyedaiwa kuiandika nilikuwa nimemwita "mpendwa", neno ambalo sijawahi kumwandikia.

Mlinzi wa Zamu

Kalamu Nyeusi, pole sana, na umefanya jambo la busara kumpigia badala ya kumwandikia.

Nimewahi kukaa upande wa pili, kwa wanaozihudumia seva, kwa hiyo nitaongeza jambo linaloweza kuwaokolea wengine saa nzima. Ukurasa ukishindwa kufunguka, tazama kama umeandikwa namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 5, kama 502, 503 au 504, kosa liko upande wa seva, na hapo hata ukifuta kivinjari kizima na kukisakinisha upya hutapata chochote; subiri, au uulize wenzako kama nao wamekwama. Ikianza na 4, seva inalalamikia ombi ulilolituma wewe. Usiku mmoja tulipokea simu nyingi za watu waliokuwa wamefuta kila kitu kwenye kompyuta zao, na wakati wote huo sisi ndio tuliokuwa tumeizima mashine kwa makosa.

Namba moja inastahili kutajwa peke yake, nayo ni 400 ikifuatana na maelezo kwamba vidakuzi vimezidi ukubwa. Hapo ndipo penye kazi halali ya ule ushauri ambao mleta mada ameuchoka, ila ufanye kwa tovuti hiyo moja: bofya alama iliyo kushoto mwa anwani ya ukurasa, fungua sehemu ya vidakuzi na data ya tovuti, futa vya tovuti hiyo tu. Manenosiri yako hayataguswa. Barua ulizoziandika bila mtandao zinaweza kuondoka, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba hakuna inayosubiri.

Na wenye kompyuta za zamani wasisahau kwamba vivinjari navyo hustaafu. Chrome kwa Windows 7 ilikomea toleo la 109. Toleo la 110 la Februari 2023 lilihitaji Windows 10 na kuendelea. Ukurasa wa barua pepe hubadilishwa mara kwa mara, na kivinjari kilichosimama mahali pamoja hufika siku kikashindwa kuusoma, hata kama jana ulifunguka.

Mgeni Njoo

Nimesoma yote, ahsanteni. Sijaona la kwangu, kwa hiyo naomba msaada. Naandika anwani, naandika nenosiri, ukurasa unawaka kidogo kama unaotaka kufunguka, halafu unanirudisha palepale pa kuingia, bila kuniambia kwamba nimekosea. Ni siku ya tatu sasa. Nenosiri ni sahihi, kwa sababu nikiweka lisilo sahihi unaniambia. Hakuna namba yoyote inayoonekana.

Mlinzi wa Zamu

Kama nenosiri linakubaliwa halafu unarudishwa mlangoni, maana yake seva inakupa kidakuzi cha kukutambulisha na kivinjari chako kinakataa kukitunza, kwa hiyo unapofika ndani unaonekana mgeni. Umebadilisha mpangilio wowote wa faragha siku hizi? Usifute kitu bado.

Mgeni Njoo

Ndiyo, ndugu. Wiki hii niliona video ya ushauri wa usalama, nikazuia vidakuzi vyote.

Mlinzi wa Zamu

Basi nenda kwenye mpangilio huohuo. Kuzuia vidakuzi vya tovuti nyingine ni sawa, ubaki nako. Kuzuia vyote ndiko kunakokufungia nje. Ukirudisha, ongeza na tovuti ya barua pepe kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, pamoja na ile anwani inayoonekana juu wakati unapoandika nenosiri, kwa sababu mara nyingi ukurasa wa kuingia una anwani yake tofauti. Kisha funga kivinjari chote, siyo kichupo tu, ukifungue upya.

Mgeni Njoo

Anwani zilikuwa mbili kweli, sikuwahi kugundua. Nimeziongeza zote mbili, na imefunguka. Rasimu niliyokuwa naiandika siku ile ipo, imekatikia katikati ya neno.