Viongozi wa kanisa "mliostaafu", rudisheni funguo!

Wapendwa na wakuu wote humu, leo naanza na povu, mtanivumilia.

Tunachagua wazee wa kanisa wapya, vigelegele vinapigwa, wanawekewa mikono mbele ya madhabahu. Jumatatu asubuhi funguo za ofisi bado ziko kwa katibu wa zamani, kitabu cha hundi kwa mhazina wa zamani, na rejista ya ubatizo iko chini ya kitanda cha mtu. Kilichobadilika ni majina kwenye ubao wa matangazo, basi. Halafu tunagombana nani kampigia nani kampeni, wakati ugonjwa wenyewe uko kwenye makabidhiano.

Tuanze na benki, maana huko ndiko kunanuka. Muhtasari wa kikao unaandikwa "tumemchagua fulani kuwa mhazina", unapigwa muhuri, unapelekwa. Benki inatekeleza ilichoandikiwa: inaongeza sahihi mpya. Ya zamani haikutajwa, kwa hiyo inabaki hai. Mwaka unapita, watu wawili waliokwisha kuondoka madarakani bado wanaweza kutoa fedha za kanisa, na wala hawajavunja utaratibu wowote wa benki! Muhtasari lazima utamke mambo matatu: nani anaingia, nani sahihi yake INAFUTWA kuanzia tarehe gani, na wangapi kati ya watia sahihi wanatosha kutoa fedha (watatu wateuliwe, wawili wasaini, na wasiwe mtu na mkewe). Baada ya hapo iombwe barua ya benki inayothibitisha ufutaji huo.

Namba ya simu ya kupokelea sadaka nayo ni balaa. Imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu binafsi kwa sababu "ilikuwa haraka". Akihama, akikasirika au akifariki, kanisa linaanza kubembeleza familia. Kama haiwezekani kusajiliwa kwa jina la kanisa, ifungwe siku ya makabidhiano na itangazwe ibadani kwamba imefungwa.

Makabidhiano yenyewe ni kazi ya saa tatu tu, sijui kinachoshindikana ni nini. Wanakaa anayetoka, anayeingia na shahidi asiye upande wowote. Mezani kuna hati ya kiwanja, cheti cha usajili, katiba, muhuri, rejista za ubatizo na ndoa, leja ya mali, taarifa ya benki ya siku hiyohiyo, madeni na ahadi zote, nywila, na funguo pamoja na nakala zake. Kitabu cha risiti kinaandikwa namba ya mwisho iliyotumika, maana mwanya uko hapo: kitabu kisichofungwa kwa namba kinaendelea kukata risiti gizani. Kila kitu kinahesabiwa, wote watatu wanasaini, nakala tatu. "Tutakabidhiana taratibu" maana yake hakuna makabidhiano.

Sasa akidi. Katiba ya kanisa inasema uchaguzi ni halali wakihudhuria nusu ya waumini walioandikishwa. Vizuri. Lakini rejista haijasafishwa miaka na miaka: marehemu wamo, waliohama wamo, waliokwenda madhehebu mengine wamo. Nusu ya hao haitapatikana mpaka Bwana arudi. Uchaguzi unaahirishwa, na walewale "wanashikilia kwa muda". Baadhi yao wanajua kabisa, ndiyo maana hawataki rejista iguswe. Isafishwe siku 30 kabla ya uchaguzi, ibandikwe wazi, watu wakate rufaa. Na katiba iseme kwamba kipindi kikiisha bila uchaguzi, viongozi waliopo hawauzi ardhi, hawakopi, hawaajiri. Wanalipa umeme, maji na mishahara tu. Uone uchaguzi utakavyofanyika upesi!

Ujanja mwingine ni "vipindi viwili". Mtu anamaliza viwili vya ukatibu, anahamia uhazina, hesabu inaanza sifuri, kisha uenyekiti. Kifungu kiandikwe "vipindi viwili mfululizo katika nafasi yoyote ya kuchaguliwa". Na aliyeziba nafasi iliyoachwa wazi kwa zaidi ya nusu ya kipindi, ahesabiwe kimoja.

NYONGEZA: Nimeona wanaojibu "utumishi ni wito, wito hauna ukomo". Sawa, wito hauna. Zamu inao. Fungueni Hesabu 8:24-26: Mlawi anaanza kazi akiwa na miaka 25, akifika 50 anaiacha, anabaki kuwasaidia ndugu zake. Wakatoliki nao, sheria ya kanisa ya mwaka 1983 inamtaka paroko akitimiza miaka 75 aombe kung'atuka, na askofu vilevile, na kila parokia iwe na baraza la fedha. Papa Benedict XVI aliondoka madarakani tarehe 28 Februari 2013. Mweka hazina wa kwaya ndiye hawezi?

Mwingine kasema tukiwatoa wazee wote, kanisa litayumba. Hapo ana hoja, nakubali. Kuwang'oa wote siku moja ni kosa. Kumbukumbu yote inaondoka nao na wapya wanarudi kuwapigia magoti. Halmashauri ya watu tisa ichaguliwe kwa mafungu: watatu wanatoka kila mwaka, sita wanabaki. Na wapya wajaribiwe kwanza, kama 1 Timotheo 3:10 inavyotaka kwa mashemasi, siyo mtu kaokoka juzi leo kapewa mfuko wa sadaka.

Ila hivi vyeo vya "mlezi" na "mshauri mkuu" vinavyozaliwa wiki moja baada ya uchaguzi, bila kuwamo kwenye katiba, mnavitoa wapi? Anayebisha aweke hapa kifungu cha akidi cha kanisa lake pamoja na tarehe rejista iliposafishwa mara ya mwisho.