Naomba ushauri: mchoro wa manunuzi ya alizeti haulingani na mfumo

Habari wakuu. Kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma kinachora upya mchakato wa manunuzi kwa BPMN 2.0 (alama sanifu za kuchora hatua za kazi), na tumekwama sehemu moja.

Mfumo wa kompyuta wa manunuzi unataka oda ya ununuzi iwepo kabla ya kupokea mzigo. Getini mambo ni tofauti: mkulima au dalali anatoka Kongwa au Iramba na magunia yake, hana oda. Gari linapimwa na mzigo, sampuli inachukuliwa kupima unyevu na takataka, linashusha, linapimwa tupu. Ndipo karani anatengeneza oda kwa uzito wa mizani, yaani kinyumenyume. Maabara ikishakata kilo za unyevu, oda inasema kilo 4,200, hati ya mapokezi 4,050, na mfumo unazuia malipo. Mkulima anabaki kwenye benchi akisubiri hela yake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wapo wanaoshauri tuongeze kiwango cha tofauti kinachoruhusiwa kati ya oda na hati ya mapokezi. Naona ni hatari, mwanya huohuo utapitisha wizi wa mizani. Naegemea oda ya msimu kwa kila muuzaji, isiyo na kilo maalumu, na uzito uingizwe mara moja tu, baada ya makato.

Waliowahi kufanya hivi: bei ya kilo ikibadilika katikati ya wiki, mnarekebisha oda ileile au mnafungua nyingine? Na makato ya unyevu mmeyachora kama kazi ya mtu wa maabara, au kanuni inayokokotolewa na mfumo wenyewe?