Toyota Corolla 110 inachemsha: redieta mpya, ya mtumba au nilehemu hii ya zamani?

Mtu_wa_Maweni
Jamani hamjambo, nina 110 ya 98 injini 5A, nikitoka Malindi mpaka Kilifi barabara ikiwa wazi haina neno sindano ya joto imetulia, lakini nikifika Mtwapa foleni ikisimama tu inapanda mpaka nazima. Fundi mmoja anasema redieta mpya, mwengine nitafute mtumba ya Japani, mwengine anataka kuilehemu hii hii. Kazi nataka nifanye mwenyewe nyumbani. Ipi bora?

NgomeniSpana
Inategemea tangi zake. Zikiwa za shaba lehemu inashika vizuri tu, zikiwa za plastiki usijisumbue, gundi itakufikisha nyumbani basi. Mtumba mimi siiamini kwa sababu mirija ya ndani huioni, kama lazima basi mwagia maji ya mpira juu uangalie chini, yakitoka kwa kusitasita mrudishie mwenyewe. Mimi ningechukua mpya.

BintiSabaki
Ngojeni kwanza, mbona mnamnunulisha mtu redieta kabla hatujajua inaumwa nini? Gari inatulia kwenye mwendo inachemsha kwenye foleni, hiyo ni feni! Ukienda, upepo wa barabarani unapoza, ukisimama kazi yote ni ya feni. Redieta iliyoziba ingekusumbua hata ukiwa mwendo, tena zaidi ukibeba mzigo. Injini ikiwa baridi washa swichi usipige stata, chomoa plagi ya swichi ya joto inayowasha feni, kwenye Toyota hizi za zamani ukiichomoa feni inatakiwa izunguke yenyewe. Ikizunguka mbovu ni swichi, kitu kidogo hicho. Isipozunguka angalia fiuzi na relei halafu ipe mota waya moja kwa moja kutoka kwa betri.

Shela_kwa_Shela
Naam, na maji jamani! Visima vyetu huku vingi vina chumvi na watu wanajaza tu, ukiona ukoko mweupe shingoni mwa redieta ujue ndani inalika, hata ukinunua mpya utairudia. Tia kulanti (dawa ya kupoza injini) nusu kwa nusu na maji yale safi ya kuongezea betri, sio asidi. Na anayekwambia utoe themostati (ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye redieta injini ikipata moto) mkatalie, inafunguka kwenye digrii 82 hivi, ukiitoa injini haipati joto lake na petroli inaliwa bure.

Mtu_wa_Maweni
Nimechomoa plagi, kimya. Fiuzi nzima, relei nimebadilisha. Nikaipa waya za betri haikwenda, nikaisukuma kwa kijiti ikazunguka kidogo ikasimama.

BintiSabaki
Kaboni za mota, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake, zimekwisha hizo. Hapa sasa mota ya feni ya mtumba inafaa, ila ijaribu kwa betri pale pale dukani kabla hujatoa pesa. Na hayo maji ya kisima yamwage siku hiyo hiyo, injini ikiwa imepoa kabisa. Ukijaza kulanti acha kifuniko wazi, hita iweke kwenye moto, washa gari uongeze taratibu mpaka mapovu yaishe. Yasipoisha turudi tuongee gasketi ya hedi.